Subira Tulimhubiria, Kodi ya Chumba Hatukumpa



Ndugu zetu katika imani, juma hili tunaandika juu ya kosa ambalo tungependa lingekuwa la watu wengine. Ni letu. Sisi tulio katika kamati ya msikiti tumezoea kuwakumbusha waumini wajibu wao. Leo ni zamu yetu kujihesabu mbele yenu, kwa matumaini kwamba kamati nyingine itakayosoma haya haitapita njia tuliyoipita sisi.

Miaka michache iliyopita alitujia dada mmoja, mama wa watoto watatu, baada ya swala ya Isha. Ametupa ruhusa ya kusimulia habari yake kwa sharti kwamba asitambulike, kwa hiyo hatutataja mtaa wake wala kazi ya aliyekuwa mumewe. Alifuatana na mama yake mdogo, wakakaa upande wa kina mama, na maneno yake yakatufikia kupitia kwa mke wa imamu: anapigwa. Tukamwita mume. Ni mtu wa safu ya kwanza, na mkono wake haukuwa mzito kila tulipochangisha. Alikiri kwamba "humgusa" anapokasirika, akaomba radhi, tukasoma dua. Wote wawili tukawapa nasaha, na yule dada tukamwongezea nasaha ya subira. Tukarejea majumbani kwetu tukiwa na furaha ya watu waliosuluhisha.

Baada ya miezi mitano alirudi. Tukafanya yale yale. Mara ya tatu hakuja yeye, ilikuja habari yake: amelazwa, mkono umevunjika mahali pawili. Siku ile tulipokwenda kumjulia hali hakutulaumu. Alitutazama tu, kisha akageuza uso ukutani. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sisi tulikuwa tumemrudisha mara mbili katika kitanda tusichokilalia.

Tulipokaa kujiuliza tulikosea wapi, jibu la kwanza lilikuwa jepesi: tulidhani suluhu ni kurudisha watu katika nyumba moja. Dini yetu haikufundisha hivyo. Wengi wetu tunaikumbuka habari ya Bibi Barira (RA), aliyeachwa huru akapewa hiari ya kuachana na mumewe Mughith. Mughith alimlilia njiani hadi ndevu zikalowa, na Mtume (SAW) akamwombea kwa Barira amrudie. Barira akauliza kama hiyo ni amri. Alipoambiwa kwamba ni uombezi tu, alikataa, na hakuna aliyemtia dhambini. Ikiwa uombezi wa Mtume (SAW) mwenyewe ulimwachia mwanamke nafasi ya kukataa, kamati yetu ilipata wapi uwezo wa kumfanya mama wa watu aone kwamba kukataa suluhu ni kumwasi Mola wake?

Wako watakaotuuliza juu ya aya ya 34 ya Suratun Nisaa, maana ndiyo aya ambayo hata mwanamume asiyeijua Alhamdu vizuri huwa ameihifadhi. Tunawajibu kwa kifupi. Aliyeteremshiwa aya hiyo hakupata kumpiga mke wala mtumishi, kama alivyosimulia Bibi Aisha (RA). Imamu Shafii, ambaye wengi wetu katika mwambao huu tunafuata madhehebu yake, aliona kwamba kuacha kupiga ndiko bora. Na wanazuoni wote waliozungumzia mipaka yake wamekataza kipigo cha kuumiza, kuacha alama au kugusa uso. Mkono uliovunjika mahali pawili hauna aya ya kuusitiri.

Hilo lilikuwa kosa la kwanza, na tulilirekebisha. Dada alipotoka hospitali tulisimama naye, talaka ikatolewa mbele ya mashahidi, na suala lake likafikishwa baraza la usuluhishi na baadaye mahakamani. Mume alipotaka arejeshewe mahari, imamu alimsomea aya ya 19 ya sura hiyohiyo, inayokataza kuwabana wake ili kuwanyang'anya walichopewa. Akanyamaza. Nasi tukadhani kazi imekwisha.

Kumbe ndiyo kwanza ilikuwa inaanza, na hapa ndipo lilipo kosa la pili, ambalo ndilo lililotufanya tushike kalamu.

Haikupita wiki ya tatu, mke wa imamu akatuletea habari kwamba dada yule anafikiria kurudi kwa mumewe. Baadhi yetu tulikasirika. Mmoja alisema huenda amelishwa kitu. Mwingine akasema wanawake ndivyo walivyo. Mke wa imamu alitusikiliza hadi tukamaliza, kisha akatupa hesabu. Mama mdogo anaishi vyumba viwili, na waliomo ni watu wanane. Mwenye nyumba amekwisha kuuliza wageni wataondoka lini. Mtoto wa kwanza hajaenda shule kwa sababu sare na madaftari vimebaki kwa baba. Chumba kilichopatikana ni shilingi 50,000 kwa mwezi, na mwenye nacho anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Shilingi 300,000 ndizo zilizosimama kati ya mwanamke huyu na usalama wake. Mwezi huohuo kamati yetu ilikuwa imelipa shilingi 900,000 kutengeneza vipaza sauti.

Hatusemi kwamba adhana isisikike. Tunasema kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amemuuliza analala wapi.

Tangu hapo tumejifunza kwamba wanaorudi katika nyumba za mateso aghalabu hawarudishwi na ujinga wala uchawi. Wanarudishwa na kodi ya chumba, na njaa ya watoto, na ndimi za watu. Tena si wachache. Utafiti wa taifa wa afya uliofanywa Tanzania mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba katika kila wanawake 10 wenye umri wa miaka 15 hadi 49, wanne walikwisha kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu kutimiza miaka 15. Tunapopanga safu Ijumaa, na kina mama wakajaa nyuma ya pazia, tuikumbuke hesabu hiyo.

Katika kutafuta mwongozo tulirejea habari ya Bibi Fatima binti Qays (RA), iliyomo katika Sahih Muslim, ambayo sote tuliisoma chuoni katika mlango wa eda na tukaipita kama suala la mtihani. Bibi huyu alikuwa ameachwa na mumewe talaka ya mwisho. Hatuambiwi kwamba mume alimpiga, lakini imepokewa kwamba aliogopa kuvamiwa pale alipokuwa akikaa, na Mtume (SAW) akamruhusu ahame. Tazameni yaliyofuata. Mtume (SAW) hakumwambia ahame kisha akamwacha ajitafutie. Alimtajia nyumba ya Ummu Sharik, halafu akazingatia kwamba nyumba ile huingia wageni wengi na bibi huyu hatakuwa na faragha, akambadilishia kwa Ibn Ummi Maktum, jamaa yake, ambaye hakuwa akiona. Akamwambia amjulishe eda yake itakapomalizika. Ilipomalizika wakajitokeza wachumba, na Mtume (SAW) hakuona haya kumwambia ukweli wao: Muawiya hana mali, na Abu Jahm fimbo haitui begani kwake, yaani ni mpigaji wa wanawake. Akamshauri aolewe na Usama bin Zayd. Mwanzoni hakupendezewa, kisha akakubali, na mwenyewe amesimulia kwamba alipata kheri.

Ndani ya habari hiyo moja yamo makazi, faragha, ufuatiliaji, na ushauri wa kweli kwa ajili ya maisha yanayokuja. Kiongozi wa umma, mwenye dola na vita na wajumbe wa makabila, alipata muda wa kufikiri ni nyumba ipi haitamchosha mwanamke mmoja aliyeachwa. Sisi wenye msikiti mmoja na mtaa mmoja tunasema hatuna nafasi.

Basi tunaandika hapa tuliyoyafanya tangu siku ile, baadhi kwa kufanikiwa na baadhi kwa kujikwaa.

La kwanza ni kufunga midomo. Tulipompatia yule dada chumba, mjumbe mmoja wa kamati alimtajia shemeji yake mtaa kilipo, kwa nia njema kabisa, na baada ya siku mbili yule mume wa zamani alikuwa mlangoni anagonga. Watoto walilala chini ya kitanda usiku ule. Tukamhamisha, kodi nyingine ikatoka. Tangu hapo makazi ya mwenye kukimbia mateso yanajulikana kwa watu wawili tu, na mmoja wao lazima awe mwanamke. Katibu mwenyewe hayajui, na kitabu cha mahesabu kinaandika "msaada wa makazi" pasipo jina.

La pili ni kuifuata sheria pasipo kuona haya. Ilikuwa desturi yetu kusema mambo ya Waislamu yasifike polisi. Leo katika vituo vya polisi lipo Dawati la Jinsia na Watoto, na aliyejeruhiwa hupewa fomu ya PF3 ambayo daktari huijaza majeraha na mahakama huitegemea. Ikikosekana, kesho ushahidi unaweza kudhoofika. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 66, imetamka kwamba hakuna mume wala mke mwenye haki ya kumwadhibu mwenziwe kwa kumpiga. Naam, sheria hiyo inataka ugomvi wa ndoa upitie kwanza baraza la usuluhishi kabla ya shauri la talaka kufunguliwa, lakini imeacha mlango pale mahakama inaporidhika kwamba hali si ya kawaida. Wenzetu wa Zanzibar wana Mahakama ya Kadhi. Asiye na fedha ya wakili naye hakuachwa: ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania, TAWLA, kimekuwa kikiwasaidia kina mama kwa miaka mingi.

La tatu ni haki ya kile walichokichuma pamoja. Dada wengi hutoka na mkoba na kanga waliyojifunika, wakiamini kwamba kwa kuwa hawakuwa na mshahara hawana chao. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilitamka kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Aliyepika, akafua, akalea na kuuguza kwa miaka 10 amechangia ukuta ule, ijapokuwa hakubeba tofali. Tunalisema hili waziwazi kwa sababu tumesikia mabaraza ya wazee yakiwaambia kina mama vinginevyo.

La nne ni watoto. Fiqhi ya madhehebu yetu inampa mama ulezi wa mtoto mdogo hadi afikie umri wa kupambanua, ambao wanazuoni hukadiria kuwa miaka saba, huku gharama zikibaki juu ya baba. Sheria ya Ndoa nayo inachukulia kwamba mtoto wa chini ya miaka saba ni kheri akae na mama yake, isipokuwa ithibitike vinginevyo. Kwa hiyo baba anayesema "amewachukua, basi awalishe" amekwenda kinyume cha vyote viwili. Lakini matunzo ya baba hayawafikii watoto siku ya kwanza, na shule haisubiri. Tulizungumza na mwalimu wa madrasa, ambaye tulimwona wa kufaa kwa sababu ndiye watoto walimzoea, naye akawa anawapitia asubuhi na kuwafikisha shule. Mtoto wa pili, wa kiume, alikuwa akipiga wenziwe. Ustadhi hakumchapa. Alimkalisha karibu yake, akampa kazi ya kugawa misahafu. Ilichukua karibu mwaka.

La tano ni fedha, na hapa ndipo kamati nyingi zitakaposhikwa na kigugumizi. Tulipopendekeza mfuko maalumu, mzee wetu mmoja tunayemheshimu sana alisema msikiti si ofisi ya ustawi wa jamii. Tulimjibu kwa adabu kwamba aya ya 60 ya Suratut Tawba imetaja makundi manane ya wanaopewa zaka, na mwanamke asiye na nyumba, kazi wala akiba, mwenye deni la hospitali, hatujui anaponyokaje katika fukara, masikini na wenye madeni. Mzee alikaa kimya, kisha akatoa shilingi 20,000 mfukoni akaziweka mezani. Ndizo zilizoanzisha mfuko.

Tumejifunza pia kwamba kilo tano za mchele wakati wa Ramadhani hazimsimamishi mtu. Kinachomsimamisha ni kodi ya miezi sita, na mtaji ambao hauulizwi kila wiki. Yule dada alijua kushona. Kina mama wa kikoba kimoja walimkopesha cherehani kwa dhamana ya msikiti, na tukamshonesha kanzu za wanafunzi wa madrasa, kwa bei ileile tuliyokuwa tukimlipa fundi wa mjini. Hatukumpunja kwa kuwa ni mhitaji, wala hatukumzidishia kwa huruma. Alikwisha kumaliza deni la cherehani. Aliposhindwa kulipa miezi miwili, kwa sababu mkono uliovunjika ulikuwa ukivimba kila akikanyaga na kushona kwa muda mrefu, wale kina mama walimngoja.

La sita ni kutomfanya maonyesho. Mfadhili mmoja alitaka kumwona "yule mama" kabla ya kutoa, asikie kwa masikio yake. Tulikataa, na mchango wake tukaukosa. Mtu aliyedhalilishwa faraghani tusimdhalilishe hadharani kwa jina la sadaka. Hakupaswa kulia mbele yetu ndipo tumwamini.

La saba ni posa. Eda haijakauka, wakaanza watu kuja na maneno ya kumsitiri. Mmoja wao tulimjua: wake wawili wamemkimbia. Zamani tungenyamaza tukisema kumsema mtu ni kusengenya. Baada ya kuisoma upya habari ya Bibi Fatima tulimwambia mama mdogo tunayoyajua, kwa maneno machache, na uamuzi tukamwachia mwenyewe. Amekataa. Hadi leo hajaolewa, na si kazi yetu kumuuliza lini. Vilevile aya ya 232 ya Suratul Baqara inawakataza mawalii kuwazuia waliomaliza eda wasiolewe kwa wema. Asisukumwe katika ndoa, wala asizuiwe.

Na yule mume? Tuliulizwa hili na wengi. Hakufukuzwa msikitini, kwani nyumba ni ya Allah. Ila tulimwondoa katika kamati ndogo ya ujenzi, na michango yake tukamwambia aipeleke kwanza kwenye matunzo ya wanawe, ambayo alikuwa na malimbikizo ya miezi saba. Alikasirika, akahamia msikiti mwingine kwa muda. Mwaka ule makusanyo yetu yalipungua. Minara haikuanguka.

Ndugu zetu, tungependa kumaliza kwa kusema kwamba mambo yote yametengemaa. Watoto wanasoma. Chumba kimoja kimekuwa viwili. Dada anashona na ameajiri binti wa kumsaidia. Mkono wake haujanyooka, na daktari amesema hautanyooka kabisa. Na msikitini kwetu hajarudi. Siku za Ijumaa huvuka barabara akaenda kuswali kwa majirani. Mke wa imamu alimuuliza mara moja, akajibu kwamba akiingia kwetu husikia sauti zetu zikimwambia asubiri.

Hilo ni deni letu, wala hatuna haki ya kumdai asamehe ili sisi tupumue. Tunachoweza ni kuhakikisha kwamba mwingine atakayebisha hodi baada ya Isha hataambiwa alichoambiwa yeye. Kwa hiyo tunaziomba kamati za misikiti zinazosoma safu hii ziweke jambo hili katika ajenda ya kikao kijacho, na zijiulize maswali manne yasiyohitaji mfadhili: Mwanamke akija usiku wa leo, nani atampokea, na je, ni mwanamke mwenziwe? Atalala wapi? Nani atamsindikiza hospitali na polisi? Na katika kisanduku chetu ipo kodi ya miezi mingapi?

Na wewe dada unayesoma haya ukiwa umefunika alama kwa mtandio, jua kwamba subira aliyoisifu Mola wako si ya kuvunjwa mifupa. Mwambie mtu mmoja unayemwamini. Ikiwa kamati yako itakujibu kama tulivyojibu sisi mara ya kwanza, nenda kwingine, na lawama ni juu yao.

Tunamwomba Allah (SW) atusamehe tulipokosea, awape waliodhulumiwa makazi yenye amani na riziki yenye baraka, na azifanye nyumba zetu ziwe mahali pa utulivu kama alivyokusudia.

Wabillahi tawfiq.